Shubaka Tupu la Mtakatifu Vincent

Shubaka la ukutani lilikuwa tupu.

Anselme Thibaudeau alisimama mbele yake na tochi mkononi, amevaa suti ya sherehe na viatu vya shambani, akiangalia mahali ambapo Mtakatifu Vincent alikuwa amesimama mwaka mzima. Sanamu ya mwaloni, kimo cha mtoto anayeanza shule, yenye umri wa karne tano na ushei. Sasa palikuwa na vumbi jeupe la mwamba na glasi moja tupu ya mvinyo. Anselme alikimbia jikoni, akapiga simu polisi.

Inspekta Maëlle Gaborit alifika kutoka Saumur umande ukiwa bado haujakauka. Kesi za walevi na ugomvi wa mipaka zilikuwa zimemchosha. Aliposikia sanamu ya kale imeibwa, usingizi wote ulimruka. Aliingia kwenye ghala la mvinyo, lililochimbwa ndani ya mwamba nyuma ya nyumba, akaanza kuuliza huku akivaa glavu.

"Ufunguo wanao nani?"

"Mimi na mke wangu, Afande. Unatundikwa jikoni."

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana."

"Ulimwona mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni. Huwa nakuja hapa, nakaa naye kidogo."

"Mnakaa mkifanya nini?"

Anselme alitazama viatu vyake. "Tunaongea," alisema.

Inspekta hakucheka. Kwetu Saint-Aubrin mtakatifu huyo hana nyumba yake mwenyewe. Kila mwaka hulala kwa mkulima mmoja wa mizabibu, hujaziwa glasi kila Jumapili, na siku ya matembezi ya baiskeli za kizamani, saa sita mchana, hukabidhiwa nyumba nyingine mbele ya kanisa. Zamani tulimkabidhi Januari, lakini Januari hakuna mwenye akili anayetaka kusimama nje.

Nyumba iliyowahi kumpoteza haikuwapo. Hata hivyo Mzee Théodule Brossard, mkuu wa Udugu wa Mtakatifu Vincent, chama cha wakulima wa mizabibu, alikuwa amekwisha kupitisha hukumu akiwa bado na kipande cha mkate mdomoni: kama sanamu haitakuwa mbele ya kanisa saa sita, jina la Thibaudeau litafutwa katika Udugu daima dumu. Na Anselme hakuwa amebakiwa na kitu isipokuwa jina. Mwezi wa Aprili sakitu, baridi ya kugandisha umande, iliunguza machipukizi ya shamba lake lote la bondeni. Mwaka huu hangekuwa na hata kapu moja la kuvuna.

Mtuhumiwa alikuwa amekwisha kupatikana. Sajini Fulgence Rabouin, mzaliwa wa hapahapa, alimkamata darajani akila jibini, akamleta ghalani.

Jina lake Joost Terpstra, Mholanzi mrefu aliyekuwa akiteremka na mto Loire kwa baiskeli, taratibu, kutoka kasri hadi kasri, kutoka mvinyo hadi mvinyo. Jana alipiga hema uani kwa Anselme. Alimpiga mtakatifu picha pande zote, akauliza kama ana thamani, na alfajiri akaondoka bila kuaga. Tena baiskeli yake ilikokota tela la kubebea mtoto.

"Una mtoto?" Inspekta alimwuliza.

"Sina."

"Tela la nini?"

"Hema, Afande. Jibini. Na chupa za Bwana Thibaudeau, nilizilipia."

"Mbona uliondoka gizani?"

"Nilitaka kuwatangulia wale wa matembezi. Wako mamia, na kila mmoja anapiga kengele."

Rabouin alimvuta Inspekta pembeni, akamnong'oneza kwamba bila shaka sanamu imeshapokelewa na mwenzake mwenye gari. Hawa watalii wana akili, alisema, usiwaone wanavaa kaptura. Inspekta alimjibu kwamba hata sajini alizaliwa na akili, basi aitumie, wakatoka nje kukagua udongo.

Jana jioni kulinyesha manyunyu, na njia ya kutoka ghalani ilikuwa bado laini. Alama tatu za baiskeli na tela zilielekea barabarani. Lakini palikuwa na alama nyingine, ya gurudumu jembamba lenye kiraka, iliyoteremka moja kwa moja mpaka mtoni. Ilikwenda, kisha ikarudi. Kwenda ilikuwa imezama udongoni, kurudi ilikuwa juujuu.

"Sajini, umeona wapi mwizi anayerudi alikotoka kuiba?"

"Pengine alisahau kitu."

"Alisahau kwamba anakaa hapa," Inspekta alisema.

Moyo ulianza kumwenda mbio, na aliupenda mwendo huo. Alirudi ndani akamwuliza Anselme uzito wa sanamu. Si mkubwa kama watu wanavyodhani, Anselme alijibu. Mafundi wa zamani walikomba mgongo wa mti ili usipasuke, kwa hiyo mtakatifu kwa nyuma ni kama mtumbwi. Hata mke wake humbeba peke yake akifagia.

"Na hii glasi? Nani ameifudikiza?"

Ilikuwa imewekwa kinywa chini, katikati kabisa ya shubaka. Anselme alikunja uso. Hakujua. Yeye humjazia Jumapili, mtakatifu hanywi, basi hunywa yeye ili isiharibike.

Rabouin ndiye aliyebadilika rangi. Alivua kofia yake, akasema bibi yake aliwahi kumsimulia. Zamani, mvua ya mawe au sakitu ikiangamiza mizabibu, wanawake wa ukingo huu walimwadhibu mtakatifu aliyepaswa kuilinda. Kwanza walimnyima mvinyo kwa kumfudikizia glasi mbele ya macho yake. Kisha walimpeleka mtoni kumwogesha, naye aonje baridi waliyoionja wao.

"Bwana Thibaudeau, kwenu wapi?" Inspekta aliuliza.

"Beauce. Kwetu tunalima ngano. Hapa nilikuja kuoa."

"Na mkeo?"

"Odile? Kwao wanalima mizabibu hapa tangu enzi za..." Anselme aligeukia mlango.

Odile alikuwa amesimama mlangoni, koti limevaliwa, mikono mfukoni. Inspekta alimtazama, kisha akautazama mto, kisha saa.

"Mwaloni uliokombwa mgongo unaelea?"

"Unaelea, Afande," Rabouin alisema.

"Basi kwanza mtakatifu, halafu mwenye dhambi. Sajini, baki na mama. Bwana Joost, uko huru. Ila ningeliomba hilo tela lako, na miguu yako pia."

Gari halipiti kwenye njia ya ukingoni, ni ya baiskeli na bata tu. Inspekta alichukua baiskeli ya Anselme, ambayo kiti chake kilikuwa kigumu kuliko sheria. Hakuwa amepanda baiskeli tangu usichana wake. Kona ya kwanza nusura aingie kwenye mizabibu ya watu. Kona ya pili magoti yalikumbuka kazi yao. Kisha upepo ukamsukuma mgongoni, mto ukang'aa kushoto, mizabibu ikakimbia kulia, na kasri jeupe likachomoza juu ya miti ya mipopla. Inspekta Gaborit alifurahi, akaona na aibu kidogo ya kufurahi kazini.

Mvuvi mmoja aliwasimamisha kabla hawajauliza. Alisema ameona mtu wa mbao amevaa joho, anapita chali katikati ya mto, ametulia kabisa, naye akaamua kutomwambia mtu kwa sababu mkewe anamhesabia glasi.

"Lini?"

"Nilipokuwa nafungua soseji."

"Soseji ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili. Si muda mrefu."

Walikanyaga pedali kama wendawazimu. Baada ya daraja la reli wakamwona. Mtakatifu Vincent alikuwa amekwama kwenye kisiwa cha mchanga, uso juu, na maji yalikuwa yakiula mchanga chini ya visigino vyake. Kila wimbi lilimwinua kidogo. Mbele yake mkondo ulikuwa mpana, na mbele ya mkondo hakuna tena kisiwa.

Joost alikuwa amekwisha kuvua viatu. Inspekta alimshika ukosi. Mchanga wa mto huu humeza ng'ombe mzima, alimwambia, na yeye hatamwandikia barua mama yake. Hapo ndipo msafara wa matembezi ulipofika, mamia ya watu wenye masharubu ya kupakwa nta na fulana za sufu, kila mmoja amejifunga tyubu ya akiba mabegani kama wapanda baiskeli wa enzi ya babu zetu.

Inspekta alitazama zile tyubu.

"Polisi," alisema akinyanyua kitambulisho. "Vueni mipira yote."

Hawakubishana. Mwalimu wa hesabu, muuza samaki na mabibi wawili waliovaa kofia za maua walifunga tyubu kwa tyubu, fundo juu ya fundo, hadi ikawa kamba nyeusi. Joost akafungwa kiunoni, akaingia. Maji ya goti. Maji ya paja. Kisha mchanga ukampokonya mguu, akazama hadi kifuani. Akajinyanyua, akajitupa mbele, akalikamata joho la mtakatifu wakati uleule kisiwa kilipomwachia.

"Vuteni," Inspekta alisema.

Mpira ulinyooka mpaka wakadhani utakatika. Kisha ukarudi, na wote wakaanguka chali nyasini wakicheka, Mholanzi na mtakatifu juu yao.

Safari ya kurudi upepo ulikuwa wa mbele. Mtakatifu Vincent alikaa kwenye tela, amefungwa mkanda wa mtoto, akichuruzika, na nyuma yake msafara wote ukapiga kengele bila kupumzika. Inspekta hakuwa na pumzi ya kuongea na hakutaka kuongea. Waliingia uwanja wa kanisa kengele za saa sita zikianza kulia, na kijiji kizima kikavua kofia.

Anselme alimgusa mtakatifu shavuni kwanza, kama anayepima homa. Mzee Brossard akataka kujua nani wa kutiwa pingu. Inspekta alipita katikati ya watu mpaka kwa Odile.

"Baiskeli yako ina kiraka gurudumu la mbele, mama?"

"La nyuma."

"Ulimpeleka mtoni?"

"Nilimpeleka."

"Ulitaka kumpoteza?"

"Kumchovya tu nimrudishe, kama bibi zangu. Akaniponyoka." Alimgeukia Joost. "Nisamehe, mwanangu. Walipokukamata nilivaa koti nije nikiri, ukungu wa aibu ukanifunika. Nilichelewa."

Joost, meno yakigongana, alisema hajawahi kuwa na Jumapili nzuri namna hii.

"Sababu ni sakitu?" Inspekta aliuliza.

"Sakitu naijua tangu utotoni. Inakuja, inachukua, inakwenda." Odile alinyoosha kidole kwa mumewe, na sauti yake ikapanda. "Tangu Aprili huyu hasemi nami. Chumvi, mkate, usiku mwema, basi. Lakini kila jioni anashuka ghalani kuongea na ubao, na mimi nimekaa juu namsikia akinong'ona. Miaka thelathini ya ndoa, ananiacha mezani peke yangu, anapeleka moyo wake kwa mti. Nilimwonea wivu mtakatifu. Haya, niandikie hivyo."

Mzee Brossard alikohoa, akautazama umati, akakumbuka bila shaka na bibi yake mwenyewe. Alisema Udugu haushtaki, kuogeshwa si kuibwa, na mtakatifu amefika kwa wakati, tena msafi. Jina la Thibaudeau linabaki. Inspekta alifunga kalamu yake. Angetafuta namna ya kumweleza mwendesha mashtaka.

Kisha Anselme akasema.

"Nililala," alisema.

Watu walimgeukia.

"Usiku ule wa sakitu. Zamu ya bondeni ilikuwa yangu, kuwasha mishumaa ya shambani ya kupasha mizabibu joto na kuiangalia. Nilikaa chini kidogo, nikalala. Nilipoamka ilikuwa imezimika yote na machipukizi meusi. Si baridi iliyotumaliza, Odile. Ni mimi. Nilimwambia yeye kwa sababu yeye hawezi kunitazama kama utakavyonitazama wewe."

Odile alimtazama.

"Nilijua," alisema. "Nilishuka na kahawa jua likichomoza, nikakukuta unakoroma, mishumaa imezimika. Nikarudi nyumbani kimyakimya, nikapasha kahawa upya, nikakaa nikusubiri uje uniambie. Nakusubiri tangu Aprili, Anselme."