Kamba ya Mikono Kumi

Salha alikuwa na mbuzi. Mbuzi huyo aliitwa Madoa.

Madoa alipenda majani. Lakini mchicha wa jirani, Bi Sauda, aliupenda zaidi.

Tafu, tafu, tafu! Tuta zima likaisha.

"Mee!" akasema Madoa. Wala hakuona haya.

Bi Sauda akaja mbio, kanga nusura imdondoke.

"Baba Salha! Mbuzi wenu ana mkono mrefu!"

Yaani Madoa ni mwizi. Na kweli, alikuwa mwizi.

Baba akakasirika. "Akila mchicha tena, nampeleka mnadani. Namuuza!"

"Usimuuze, Baba!" Salha akalia. "Nitamfunga kamba."

"Haya. Katani ile pale. Suka kamba ya mikono kumi, afike kwenye majani."

Mkono mmoja ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Hebu nawe pima wako!

Salha akakaa barazani.

Suka, suka, vuta! Mkono mmoja.

Suka, suka, vuta! Mikono miwili.

Akasuka mpaka vidole vikamuwasha.

Suka, suka, vuta! Mikono kumi! Katani nayo ikaisha.

Baba akaja kupima kamba. Mkono wa Baba ni mrefu, jamani!

"Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano, sita. Mbona sita tu? Umepima kwa mkono wa nani?"

"Wangu, Baba."

"Mkono wako mfupi, mama. Kwa kamba hii mbuzi hatashiba. Bora nimuuze tu."

Machozi yakamlengalenga Salha. Alimpenda Madoa sana.

"Tujaribu kwanza, Baba. Tafadhali."

Baba akaguna. Akapigilia kigingi, ko, ko, ko! Salha akamfunga Madoa.

Madoa akala majani ya huku. Akala majani ya kule. Tafu, tafu, tafu! Tumbo likajaa.

Kisha akanusa. Nf, nf! Mchicha!

Akaenda. Akaenda. Kamba ikakaza, kaa!

Akanyoosha shingo. Akatoa ulimi. Bado kidogo tu!

"Mee!" Hakuufikia.

Bi Sauda alikuwa akichungulia kwenye ua. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Salha, ungepima wewe, mchicha wangu ungekwisha wote!"

Baba akatazama kamba. Akatazama mchicha. Akajikuna kichwa.

"Kweli," akasema. "Ungekwisha."

"Nipe mkono, Salha!" akasema Bi Sauda. Wakapeana mikono, wakaitikisa juu, chini, juu, chini.

Jioni Bi Sauda akaleta mchicha wa nazi. Salha akala na ugali, akasinzia kabla hajanawa.

Baba akamnawisha taratibu, kidole kimoja kimoja. Akambeba mpaka kitandani.

"Baba, Madoa hauzwi?"

"Hauzwi."

"Hata kesho?"

"Hata kesho. Lala, mama."

Basi Salha akalala.