Maji Matupu kwa Samaki wa Bahari

Mpishi alishika jagi kwa mikono miwili, akaendelea kumimina maji taratibu kwenye tangi la samaki. Yalikuwa maji ya chumvi. Alikuwa ameyakoroga mwenyewe kwenye ndoo, kwa mwiko mpya ambao haujawahi kugusa chakula. Alimimina mpaka maji yakafika palepale yalipokuwa wiki iliyopita. Kisha akafuta kioo kwa kitambaa, akarudi nyuma kidogo, akatazama.

Samaki hawakuwa sawa.

Walikuwa samaki wadogo wa bahari, urefu wa kidole, rangi ya kijani inayong'aa kama hariri. Ni samaki wapole, wanaopenda kwenda kwa kundi. Walipoletwa walikuwa saba. Walikuwa wakigeuka pamoja, kulia, kushoto, kama waliotumwa na mtu mmoja. Sasa walibaki watano. Rangi yao ilikuwa imefifia. Kila mmoja alijitenga peke yake karibu na uso wa maji, akihema harakaharaka.

"Mke wangu, hao samaki wamepauka kama mteja aliyeona wembe butu," mume wake alisema kutoka mlangoni. Yeye alikuwa kinyozi, na ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini.

"Usinichekeshe. Mama leo amekunywa chai chumbani."

Kinyozi aliacha utani. Alijua uzito wa maneno hayo.

Mama yake alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Magoti yalimsumbua, lakini kilichomlaza si magoti. Alikaa chumbani mchana kutwa, ameelekea ukutani. Akiitwa kula, alisema hana njaa. Mpishi alijaribu kila chakula anachokijua, naye alipika kwenye jiko la hospitali, kwa hiyo alijua vingi. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda.

Ndipo kinyozi alipoleta tangi, akaliweka sebuleni. Mara ya kwanza mama alichungulia tu. Mara ya pili alivuta kiti. Baada ya hapo akawa anakula palepale mbele ya kioo, huku akiwagombeza samaki kama wajukuu. "Wewe wa nyuma, unazubaa nini? Wenzako hao wanakuacha!"

Samaki wawili walipokufa, mama alirudi chumbani. Mpishi aliogopa. Wakifa wote, nani atamtoa tena mle ndani?

"Kesho nanunua wengine," kinyozi alisema. "Tena namchukua na yule mkubwa wa manjano niliyemwona dukani. Achangamshe genge."

"Ngoja kwanza. Tumwite fundi vioo."

Fundi vioo alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matangi, na nyumbani kwake alifuga samaki wa bahari. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipoingia hakugusa kitu. Alivuta kiti, akakaa, akawatazama samaki kwa muda. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa tangi. Kidole kilitoka na unga mweupe.

"Shemeji," aliuliza, "maji yakipungua unaongeza nini?"

"Maji ya chumvi. Ile chumvi maalumu ya samaki, siyo ya jikoni. Naikoroga mpaka inayeyuka yote."

"Kila yanapopungua?"

"Kila mara, sijawahi kusahau. Ni samaki wa bahari, fundi. Niwape maji gani mengine?"

Fundi alitabasamu. "Sasa niambie. Mchuzi ukikaukia jikoni, unaongeza nini?"

"Maji."

"Maji ya chumvi?"

"Fundi! Unataka nifukuzwe kazi? Mchuzi ukikauka, yanayoondoka ni maji. Chumvi haiendi popote, inabaki mlemle ndani ya..."

Mpishi hakumaliza. Aliweka mkono mdomoni.

"Jamani," alisema polepole. "Nimewazidishia chumvi."

Kinyozi aliangua kicheko. "Mpishi mzima!"

"Usimcheke, jirani," fundi alisema. "Wengi hukosea hapo. Tena wanaokosea zaidi ni wale wanaowajali samaki wao, kwa sababu hawasahau kuongeza."

Alitoa kipima chumvi mfukoni. Kilikuwa kikopo cha plastiki chenye mshale. Alikijaza maji ya tangi. Mshale ulipanda, ukapita sehemu ya kijani, ukasimama juu kabisa.

"Unaona? Unatakiwa ukae hapa kwenye kijani. Maji hupaa hewani kidogokidogo, usiku na mchana. Chumvi haipai. Kwa hiyo maji yakipungua yenyewe, ongeza maji matupu yaliyosafishwa. Usichukue ya bomba moja kwa moja. Yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo huwadhuru samaki. Lakini ukichota maji machafu ili kuyabadilisha, hapo chumvi imetoka pamoja na maji. Basi unarudisha maji ya chumvi."

"Yakipaa, matupu," mpishi alirudia. "Nikichota, ya chumvi."

"Umeshajua."

Kinyozi tayari alikuwa ameinua ndoo. "Basi tumwage nusu, tujaze maji matupu, yaishe leoleo!"

"Hapana, weka chini. Miili yao imezoea hayo. Ukiwabadilishia ghafla utawaua kwa nia njema. Tunapunguza kidogo leo, kidogo kesho, mpaka mshale urudi kwenye kijani."

"Na yule wa manjano?"

"Mwache dukani. Yule mkorofi, atawakimbiza hawa mpaka washindwe kula. Hawa wakipona, waongeze wa aina yao, maana wakiwa wachache huwa na hofu. Lakini wageni wakae kwanza kwenye tangi lao pembeni, wiki kadhaa, mhakikishe hawana ugonjwa."

"Kwa hiyo hawafi?"

Wote waligeuka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika fremu. Fundi aliinuka haraka, akampisha kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza, hawafi?"

"Siwezi kukuahidi, mama. Ila wakisaidiwa taratibu, tumaini lipo."

Mpishi aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Mama. Niliwazidishia chumvi. Nisamehe."

Mama alijikongoja mpaka kwenye kiti, akakaa. Alimwashiria mkwe wake asogee.

"Mwanangu, tangu nimekuja hapa unaniletea chakula asubuhi na jioni. Mimi nakirudisha, wewe unapika tena. Hujanuna hata mara moja. Leo nikukasirikie kwa chumvi?" Alimshika mkono. "Sijawahi kukushukuru. Asante, mwanangu. Asante sana."

Mpishi aliushika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili. Kinyozi naye akageukia dirisha, akajifanya anatafuta kitu.

"Haya," mama alisema. "Hilo jagi linamiminwaje? Nionyesheni."

Fundi aliwaonyesha. Walichota maji kidogo ya tangi, wakamimina maji matupu polepole karibu na pampu, yachanganyike vizuri. Alibandika kipande cha utepe kwenye kioo, ili waone maji yanaposhuka. Aliwaambia pia wawape chakula kidogo mara kadhaa kwa siku, kile tu wanachoweza kukimaliza mara moja. Walipotaka kumlipa, alikataa, tena akawaachia kipima chake. Mpishi alimsindikiza mpaka nje, akamshukuru tena mlangoni.

Siku ya tatu, samaki walishuka kutoka juu. Rangi ilikuwa inarudi. Walikula, kisha wakazunguka jiwe la katikati ya tangi kwa pamoja, wote watano. Mama alikuwa mbele ya kioo tangu asubuhi. Alikunywa chai yake hapo, akaomba na kikombe cha pili.

Jioni alishika kipima mwenyewe, akakisogeza karibu na macho.

"Mshale umeshuka," alisema. "Lakini bado haujafika kwenye kijani."

"Naongeza jagi moja tu," kinyozi alisema. "Tumalize kazi."

"Thubutu! Fundi alisema taratibu. Leo tumeshatia, inatosha."

Kinyozi aliweka jagi chini bila ubishi. Mpishi alifunika ndoo ya maji matupu, akaisogeza kando ya tangi, tayari kwa kesho.

"Kesho mniamshe mapema," mama alisema. "Msianze bila mimi."