Ubongo wa Mtani

Usinisimulie majini yenye kwato; hayo ya kutishia watoto. Lililomtoa Alois jasho halikuwa hata na miguu. Lilikuwa vidoa.

Alois, yule mwenye sikio lililokatwa ncha, alikuwa fundi picha wa maabara moja mjini Morogoro. Kazi yake kulaza vipande vyembamba vya ubongo juu ya filamu. Palipoingia dawa inayojaribiwa, filamu huota vidoa vyeusi. Dawa ikijikusanya kwenye uvimbe wa saratani tu, siku moja mionzi itauchoma uvimbe na kuiacha akili salama. Gabrieli wa Mgeta, mtani wake mwenye uvimbe huo, alikubali kudungwa dawa hiyo na ubongo wake upimwe akifa, kwa sharti moja: "Alois, mbwa wewe, usinizike nusu."

Mtani ndiye msemaji wa kaburini. Siku ya mazishi Daktari Dadi, mkuu wa maabara, akampa Alois chupa iliyofungwa, eti yenye ubongo wa Gabrieli; Alois akaizika pamoja na maiti, akamwapia Scholastika, dada wa marehemu: "Yupo mzima! Hata ubongo wake wa kuku upo! Nikisema uongo, achukue wangu!"

Waombolezaji wakacheka mpaka machozi.

Wiki iliyofuata Daktari alileta vipande, eti vya mgonjwa mwingine. Picha ya kwanza, vidoa vilikuwa ndani ya uvimbe. Ya pili, kipande kilekile, vimetoka nje. Chumba cha giza kikanuka udongo mbichi, na mtu akanong'ona, "Mbwa wewe."

Alois alitoka mbio. "Ndugu Daktari, vile ni vya nani?"

"Vya Gabrieli. Punguza sauti."

"Nilizika nini?"

"Ubongo wa mbuzi. Dawa imemwingia Gabrieli vizuri mno, ningeutupaje ubongo wake udongoni?"

"Umeniapisha uongo!"

"Nilikupa chupa tu. Kiapo ulikileta mwenyewe."

Alois akarudi kukusanya vipande avipeleke Mgeta, lakini mlango ukajifunga nyuma yake, bomba likamwaga maji bila kuguswa, harufu ya udongo ikamjaa kooni, na kwenye filamu ambayo hakuna aliyelaza kitu juu yake vidoa vikaanza kuota kimoja kimoja, vikachora shingo, vikachora taya, vikachora sikio lililokatwa ncha, kisha vikamiminika ndani ya kichwa, vikatulia.

Kesho yake alipanda Mgeta na leso yenye vipande vyote. Scholastika akaviona, akaelewa; vikazikwa. Scholastika akamshika mikono. "Ahsante, mtani. Sasa kaka yangu ni mzima."

Alois akamwinamia kwa adabu, kama mgeni asiyemjua.

"Samahani, dada," akauliza. "Tumemzika nani?"