Dirisha Lisilo na Chumba

Nilikwenda kufunga madirisha tu.

Upepo wa Lodwar ukianza jioni huzoa mchanga wa mto Turkwel na kuumwaga ndani kwa yeyote aliyezembea. Ndugu yangu Ereng alikuwa anafika kesho yake kutoka Marekani. Mimi ndiye dada mtu, msimamizi wa ujenzi, mwenye funguo na mwenye mdomo, na sikutaka akute vumbi kwenye sakafu yake mpya. Nikafunga vyumba vya chini. Nikapanda ngazi, nikafunga vya juu. Nikatoka, nikazungusha ufunguo kwenye mlango wa mbele, nikarudi nyuma kidogo kuitazama.

Lodwar haijawahi kuona nyumba ya namna ile. Matofali mekundu ya kuchoma, ghorofa moja juu ya nyingine, uso wake bapa hauna hata baraza. Mlango mweupe katikati, na juu ya mlango kioo cha nusu duara kama upepeo uliokunjuliwa. Kila dirisha la kushoto lina mwenzake wa kulia. Kila moja lina mabawa meusi ya mbao, na yale ya juu yamekaa chini ya matao ya matofali. Huko Baltimore Ereng alikuwa mlinzi katika nyumba kama hiyo, ya zamani sana, ambayo watu huja kuitazama. Aliipenda kama mtu anavyompenda mke wa mwenzake. Akaapa atajijengea yake nyumbani.

Mabawa yote yalikuwa yamefungwa.

Isipokuwa ya dirisha moja. Juu, kushoto kabisa.

Moyo ulinilipuka paa. Dirisha lile halina chumba. Ngazi inapinda pale ndani, na dirisha la kweli lingeangukia tumboni mwa ngazi. Ereng aliagiza tuweke la bandia ili nyumba isiwe chongo: fremu, kizingiti, tao na mabawa, na nyuma yake uwazi mwembamba uliozibwa kwa matofali upande wa ngazi. Mabawa yenyewe fundi aliyapigilia misumari. Hayafunguki.

Yalikuwa wazi.

Kisha ikaja harufu... tumbaku ya kutafuna. Na maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi.

"Namuar..."

Sikupumua.

"Namuar, mwanangu. Umekula?"

Ilikuwa sauti ya mama. Mama yetu, Akoru, tulikuwa tumemzika kabla ya mvua.

Nilikimbia hadi barabarani, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui wapi.

Sitajifanya sikujua kwa nini aliniita kutoka pale. Nilijua hata kabla sijafika barabarani.

Kwetu Waturkana nyumba ni ya mwanamke. Anakata fito mwenyewe, anazipinda mwenyewe, anaziezeka kwa makuti ya mikoma. Kibanda hicho cha kulala tunakiita akai. Mume, hata awe na ngamia wa kuziba bonde, analala katika akai ya mkewe. Na mwenye akai akifa, nyumba yake haipewi mtu. Inaachwa iiname, ianguke, mchwa wamalize. Fito zake hazijengi nyumba nyingine. Hilo halihitaji kufundishwa, kila mtoto analijua.

Akai ya mama ilikuwa nyuma ya nyumba ya matofali. Alikataa kuhamia ndani hata tulipombembeleza. Aliizunguka siku moja, akasimama mbele ya lile dirisha la bandia likiwa bado fremu tupu, akauliza litakuwa la nani. Nikamwambia si la mtu, ni pambo. Akatema tumbaku.

"Mnajenga nyumba ya mtu ambaye hayupo," alisema. "Haya. Atapatikana."

Nilicheka. Wiki chache baadaye homa ikamchukua. Ereng hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo alizikwa bila yeye, na kwenye simu nilimwambia kila kitu kimefanywa inavyotakiwa.

Katika ujenzi kikabaki hicho kidirisha. Tao linajengwa juu ya kitu kilichopinda, kinacholibeba mpaka saruji ishike. Mbao zetu zilikuwa ndani ya lori lililozuiwa Kainuk, na Ereng alikuwa akinipigia kila jioni akitaka picha. Didace, fundi wetu Mkongo aliyechoma matofali yale kwa mikono yake huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliniuliza tutumie nini. Macho yangu yakaenda kwenye akai. Fito zilizopindwa miaka na miaka. Upana ule ule.

"Ile miti iko ya nani, dada?" aliniuliza.

"Ya zizi la mbuzi," nilisema. "Toa."

Akazitoa, akajenga tao juu yake. Tao lilipokauka nikamwambia asijisumbue kuzichomoa, azibe tu. Nani atafungua dirisha lisilo na chumba? Zikabaki mle ndani. Nilipiga picha nikatuma, na Ereng akaniandikia kwamba mimi ni dada wa dhahabu.

Asubuhi baada ya kusikia ile sauti nilimkuta Didace akipaka rangi kizingiti. Mabawa ya juu yalikuwa yamefungwa, misumari mahali pake. Nikamwambia nimesikia kitu ukutani.

"Ni briki, dada. Mchana inakula jua, jioni inapata baridi, inalia. Njo vile. Hata kwa tanuri inalia."

"Matofali yanaita mtu kwa jina?"

Akaniangalia. Akaweka brashi chini.

"Unataka nivunje? Sema tu. Nitavunja sasa hivi."

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa na mchana mzima. Angevunja, ningezirudisha fito mahali zilipotoka, na Ereng angefika akute tundu kwenye uso wa nyumba yake, aniulize, nimjibu. Nikamwona akishuka garini. Nikaiona aibu yangu. Nikasema, "Wacha. Atasikitika."

Ereng alifika alasiri, amenenepa, analia na kucheka kwa pamoja. Aliigusa nyumba kama mtu anayegusa ng'ombe anayetaka kumnunua. Alihesabu madirisha kwa kidole, kushoto, kulia, akaridhika. Tukaenda kaburini tukakaa. Tuliporudi jua lilikuwa linazama, akasimama mbele ya mlango hataki kuingia, anatazama tu.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshamshika mkono.

Tumbaku. Maziwa. Moshi...

"Ereng. Mtoto wangu. Umekula?"

Kila mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba aliyezikwa akikuita humwitikii. Lakini Ereng alikuwa ametoka safarini, amechoka, ametoka kulia kaburini. Na hakujua kilichokuwa ukutani, kwa sababu mimi sikumwambia. Uso wake ulilainika, akawa kitoto kabisa.

"Bado, mama," alisema.

Akaingia ndani. Nikasikia viatu vyake vikipanda ngazi, taratibu. Vikafika kwenye kona. Vikanyamaza.

Nilimkuta ameketi pale kwenye kona akiutazama ukuta. Hakuwa amezimia. Alinitabasamia. Mdomoni alikuwa na weupe kidogo, akaufuta kwa kiganja.

Usiku ule nilimwandalia mbuzi. Hakugusa.

"Nimeshakula, dada."

Asubuhi nikamletea chai. Ameshakula. Mchana, ameshakula. Akawa hivyo siku baada ya siku, na mwili ukaanza kumwisha. Shati alilokuja nalo likawa linamning'inia mabegani. Hospitalini walisema huenda ni malaria, huenda ni jua baada ya baridi ya kule, huenda ni huzuni. Wakampa maji ya mshipani. Akarudi, akaenda moja kwa moja kuketi kwenye kona ya ngazi.

Mtaa nao ukaanza kusema. Walisema ni yule Mkongo. Walisema matofali ya kambini yamechanganywa na dawa, kwamba Didace anakula watu polepole, apelekwe kwao kabla hajatumaliza. Jirani yetu Emanikor alikuja na wanaume wenye fimbo, akaniuliza mbele ya Didace mwenyewe:

"Wewe ndio ulikuwa hapa kila siku. Huyu alifanya nini kwa hii nyumba?"

Didace alinitazama akingojea. Ningesema neno moja tu.

Nikasema, "Mimi sijui. Mimi si fundi."

Walimpiga. Si sana, walisema wao. Walimpasua juu ya jicho na kumwambia jioni isimkute Lodwar. Nilisimama mlangoni chini ya kile kioo cha upepeo nikashika mdomo wangu, mdomo huu ambao siku zote haunyamazi. Najilaani kwa siku ile mpaka leo.

Alipokuwa anafunga mfuko wake nilimfuata nyuma ya nyumba. Nikamwambia fito zile zilikuwa za nani. Zote, tangu mwanzo.

Aliuweka mfuko chini. Damu ilikuwa imemkaukia kwenye nyusi.

"Kwetu pia hatufanyi vile," alisema. "Ulinifanya mimi nizike mama yako ndani ya ukuta."

Angeweza kuondoka. Badala yake alichukua nyundo.

Tulipanda jua likishuka. Ereng alikuwa kwenye kona yake, goti limeegemea ukuta, macho yamezama. Nilimsogeza na alikuwa mwepesi mno. Didace akapiga. Tofali la kwanza likaanguka kwa ndani na halikutoa sauti ya tofali kuanguka juu ya tofali. Lilianguka juu ya kitu laini.

Akapiga tena. Akatoa la pili na la tatu, kisha akarudi nyuma akifanya ishara ya msalaba.

Harufu ilitupiga usoni.

Fito zilikuwa zimepinda chini ya tao vile vile tulivyoziacha. Lakini zilikuwa zimefungwa. Makuti mabichi ya mkoma, ya kijani, yamesokotwa kwa mkono na kuezekwa vizuri, safu juu ya safu. Chini kulikuwa na ngozi ya mbuzi iliyotandikwa, na tofali letu juu yake. Kando, jivu. Didace alilipelekea kiganja akakirudisha haraka.

Lilikuwa na joto.

Labda kuna maelezo. Ndege huingiza makuti mahali pa ajabu, na matofali ya Lodwar hushika joto la mchana hadi usiku. Ngozi sijui.

"Toa, dada," Didace alininong'oneza. "Chukua miti yake."

Sikuweza kuigusa kabla sijasema. Nikapiga magoti pale kwenye ngazi, mbele ya lile tundu.

"Mama. Mimi ndiye niliyeivunja nyumba yako. Nilisema ni fito za mbuzi. Nikanyamaza Ereng alipokuja. Nikanyamaza walipompiga huyu." Nikaegemeza paji la uso ukutani. "Ni mimi."

Ukuta ukalia kidogo kwa baridi, tik... tik...

"Najua," ilisema sauti ndani. Haikuwa na hasira hata kidogo. Afadhali ingekuwa nayo. "Najua, Namuar. Umekula?"

Nikamtazama Ereng. Midomo yake ilianza kufunguka ili ajibu, kama alivyozoea. Nikamziba kwa kiganja. Mifupa ya taya yake niliihisi yote.

"Bado, mama," nilisema mimi.

Didace anasema hakusikia sauti yoyote. Alinisikia mimi tu nikiongea na ukuta, halafu akaniona natafuna.

Tulizichomoa fito kabla giza halijaingia, tukazirudisha pale akai iliposimama, tukaziacha ziangukie hapo. Tao lilishika lenyewe. Kesho yake Ereng aliomba uji, akaumaliza, akaomba mwingine. Hospitalini walisema waliona tangu mwanzo kuwa ni malaria. Nilimfuata Emanikor nikamweleza yote, akanipa pole kwa msiba na kuniambia Mkongo ameniingia kichwani. Didace alirudi Kakuma. Nikimpigia hapokei, na simlaumu.

Tundu la kwenye ngazi Ereng hataki lizibwe, wala hataki mabawa ya nje yapigiliwe. Nyumba imekuwa chongo. Anasema sasa inafanana na nyumba ya watu.

Ananihurumia sana. Kila jioni hunipandishia sahani hapa kwenye kona, ugali na nyama, mara nyingine samaki wa ziwani ninaowapenda. Huiweka karibu na goti langu, hunisihi, na akirudi huikuta imepoa.

Namwambia nimeshakula.

Ni kweli. Na ni kitamu, hilo ndilo linaloniumiza. Ni kitamu kama nilipokuwa mdogo, na kila jioni mama hunipa kwanza mimi.