Gurudumu Lililosuguliwa kwa Mkonge

Mimi Wakio nilikuwa na hasira siku ile, na sikuificha.

Kila Ijumaa mume wangu Danson alimpakia mama yake kwenye baiskeli, akamteremsha kutoka Mbololo hadi hospitali ya Voi. Mama ana kidonda mguuni. Kisipooshwa na kufungwa upya kila wiki, kinaoza. Kutembea hawezi. Ijumaa ile, spoki nne za nyuma zilikatika kwa pamoja. Gurudumu likapinda, mama akaanguka matopeni na kitambaa chake cheupe cha kanisani.

"Mimi sipandi tena kitu hicho," alisema. Danson akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Kidonda hakikufungwa.

Nikalitazama gurudumu. Kutu tupu. Baiskeli yenyewe haijamaliza hata miaka miwili. Masika yote niliisafisha kwa mikono yangu, sasa nani wa kulaumiwa kama si mwenye duka aliyetuuzia? Danson alilifungua gurudumu, nikajitwika kichwani, nikashika njia ya Voi.

Nilipita kwa Ogutu, fundi wa reli. Akitoka kazini hutengeneza baiskeli za watu.

"Shemeji, wapi na gurudumu kichwani?"

"Naenda dukani kugombana. Wametuuzia chuma kibovu."

Akalipokea, akalipitishia kidole. "Mlikuwa mnasafisha na nini?"

"Makapi ya mkonge, kutoka kiwandani. Sufuria zangu nasugua nayo, zinang'aa."

"Na mikono yako?"

"Inawasha."

Ogutu alikasirika kunishinda. "Maji ya mkonge yanakuwasha ngozi, na bado unapaka chuma? Yamekula ule mng'ao wa juu, na mng'ao ndio unazuia kutu. Halafu mkaiegesha ikiwa imelowa, na matope yake. Mwenye duka hana kosa. Baiskeli mmeiua wenyewe."

Alitia spoki mpya, akanyoosha gurudumu. Kisha akanipa msasa laini. "Sugua kutu polepole, upanguse. Ukitoka kwa mvua, osha tope na maji matupu. Kausha na kitambaa, hata kule ndani kwenye spoki. Halafu paka spoki mafuta ya mashine, kidogo tu. Pale breki inashika usipake, hamtasimama. Mpira nao usiguse mafuta, utaharibika."

Dukani sikufika. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mama, "Ni mimi niliyeiharibu." Maneno hayo yalinitoka kwa shida.

Wiki nzima mvua ilinyesha. Danson aliingiza baiskeli yenye tope kila jioni, nami niliosha, nikakausha, nikapaka mafuta spoki moja moja. Kidonda cha mama kilianza kunuka. Sote tulisikia harufu, lakini bado alikataa kupanda baiskeli.

Ijumaa ilipofika, mama alijikongoja mpaka uani. Akavua kitambaa chake cheupe, akapangusa gurudumu la nyuma, akalizungusha, akapangusa tena. Akakikunjua kitambaa mbele ya macho yangu. Hakikuwa na hata alama moja nyekundu ya kutu.

Akajifunga kichwani.

"Danson," aliita, "lete mto nikalie. Hospitali wanatungoja tangu wiki iliyopita."