Ndege Iliyotua kwa Mzee Wanzala

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasambu hufagia uwanja, huwafungulia kuku, kisha humpashia baba yake obusuma, yaani ugali, uliobaki jana. Baba yake, Mzee Wanzala, huwa ameketi mlangoni akinoa panga la kukatia miwa huku redio ikisoma habari. Tangu mama Nasambu afariki, redio ndiyo mtu mzima wa pekee ambaye mzee hugombana naye.

"Ati barabara itawekwa lami," aliiambia redio Jumanne moja. "Itawekwa na nani? Wakubwa wanakujanga hapa na magari ya vioo vyeusi, wanatazama mashimo, wanaenda. Ukiwauliza, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidole."

"Baba, chai itapoa."

"Ipoe tu. Miwa tunalima sisi, sukari tunanunua kwao."

Siku nyingine Nasambu angecheka. Siku hiyo alikuwa na haraka. Wageni walikuwa wanakuja shuleni kuchagua timu zitakazokwenda kwenye mashindano ya sayansi mjini Kakamega, na chama chao cha sayansi kingeonyesha ndege ya shule.

Haikuwa ndege ya kubeba watu. Ilikuwa ndogo, mwili wake wa sponji ngumu nyeupe, nayo iliongozwa kwa rimoti. Ajabu yake ni kwamba haikuhitaji kukimbia chini kabla ya kuruka. Mapanga yake manne ya kusukuma hewa yalizunguka yakitazama juu, ikapaa wima kama helikopta. Ikishafika juu, mapanga mawili ya mbele yaliinama, nayo ikaenda mbele kama ndege yoyote. Wakati wa kutua yaliinuka tena, ikashuka taratibu bila kuhitaji uwanja.

Rubani alikuwa Cindy wa gredi ya nane. Nasambu alikuwa mtunza ufunguo wa stoo na mbeba boksi. Mwaka mzima alibeba boksi hilo kichwani, na mwaka mzima hakushika rimoti. "Subiri zamu yako," aliambiwa, lakini zamu zenyewe hakuna aliyezipanga. Ndivyo ilivyo kila mahali: aliyeshika rimoti hutazama juu, hamwoni aliyebeba boksi.

Basi Ijumaa iliyotangulia, Nasambu alitia boksi kwenye gunia akaenda nalo nyumbani. Jumamosi, baba yake alipokuwa amekwenda kukata miwa, aliiweka ndege katikati ya uwanja. Kwanza rimoti ilikataa, naye akajaribu kitufe kimoja baada ya kingine. Ililia, kisha kwenye kioo chake ikatokea picha ya nyumba na swali: je, hapa ndipo makao mapya? Nasambu aliitazama nyumba yao ya mabati. Kwani hapa ni wapi, kama si nyumbani? Akabonyeza "ndiyo". Ndege ikapaa hadi juu ya paa, ikasimama hewani ikivuma kama nyuki, kuku wakatawanyika wakipiga kelele, kisha ikashuka. Jumatatu alfajiri ilikuwa stooni. Hakuna aliyejua.

Wageni walipofika, Cindy aliirusha vizuri sana. Ilipaa wima, ikainamisha mapanga, ikazunguka uwanja mara mbili huku watoto wakishangilia. Mwalimu Ochieng, mlezi wa chama, aliwaambia wageni, "Sasa rubani atabonyeza kitufe kimoja tu, na ndege itarudi yenyewe kutua hapa."

Cindy akabonyeza. Ndege ikageuka, ikawapa mgongo wageni wote, ikapita juu ya mikaratusi na kutokomea upande wa mashamba ya miwa.

"Irudishe!" alisema Mwalimu Ochieng.

"Hainisikii, Mwalimu! Imeenda mbali!"

Uwanja mzima ukawa soko. "Imebebwa na upepo!" "Upepo gani? Hata jani halitikisiki." "Ni betri!" "Ni majini!" Nasambu alisimama na boksi tupu mikononi, kichwa kimevurugika. Betri aliichaji mwenyewe. Mapanga aliyakagua mwenyewe. Au aliiharibu Jumamosi? Lakini Jumamosi ilitua salama, na leo imeruka vizuri. Kitu kilichoharibika hurukaje vizuri namna ile? Aliwaza mbele, akawaza nyuma, asipate kitu.

Madam Chepkorir, mwalimu mkuu, hakutaka kuwaza. Alikuwa ameaibika mbele ya wageni, na mkubwa akiaibika hutafuta mdogo wa kumtwika aibu hiyo.

"Cindy, umecheza na ndege ya shule. Hutakwenda mashindanoni."

"Sikucheza, Madam! Haki ya Mungu!"

Mwalimu Ochieng alikuwa akiikagua rimoti. "Madam, ndege haikuasi," alisema. "Imerudi makaoni. Ila makao inayoyakumbuka si uwanja huu. Kuna mtu aliibadilishia."

"Na rimoti anaishika nani?"

"Cindy," watoto walijibu kwa pamoja.

Cindy alianza kulia. Hapo ndipo Nasambu alipoiona tena akilini ile picha ya nyumba. Alijua ndege ilikuwa wapi. Alijua pia kwamba hakuna aliyekuwa akimtazama yeye, wala hakuna ambaye angemtazama. Angenyamaza tu, na mwaka huu huenda rimoti ingemjia. Alimwona Cindy akifuta kamasi kwa mkono wa sweta mbele ya wageni.

"Si Cindy," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Si Cindy, Madam. Ni mimi. Niliibeba mpaka kwetu. Sikujua kile kitufe ni cha nini, lakini niliibeba, na sikuomba ruhusa. Iko kwetu."

Walikwenda watatu, Mwalimu Ochieng, Cindy na Nasambu, kwa njia ya katikati ya miwa. Walimkuta Mzee Wanzala amesimama uwanjani, panga mkononi. Mbele yake kulikuwa na tenga kubwa la kuku lililogandamizwa kwa jiwe, na chini ya tenga, ndege.

"Msisogee!" alisema mzee. "Hiki wamekituma wakubwa kunipimia shamba. Kimeshuka hapa bila hodi, kama kinalipia kodi! Nimekifunga. Aje mwenyewe aniambie anataka nini."

"Mzee, ni ndege ya shule," alisema Mwalimu Ochieng akijizuia kucheka.

"Shule? Na nani aliituma kwangu?"

Nasambu alimweleza yote, macho chini. Kisha akamgeukia Cindy. "Nisamehe. Wamekuaibisha kwa sababu yangu."

"Si ungeniambia tu unataka kurusha," alisema Cindy.

"Nimekuambia mara ngapi?"

Cindy alifikiri. "Mara nyingi," alikiri. "Nilikuwa naona utaivunja."

"Zamu nilipaswa kuzipanga mimi," Mwalimu Ochieng alisema. "Sikuzipanga. Kosa hilo ni langu, na nitamwambia Madam hivyo leo hii. Cindy atakwenda mashindanoni. Ufunguo, Nasambu, utaurudisha kwa muda. Na kuanzia wiki ijayo kila mmoja atafundishwa rimoti, kitufe baada ya kitufe."

Mzee Wanzala aliteremsha panga. Alimtazama mwalimu kama anayetazama mvua iliyonyesha kiangazi.

"Nasambu," alisema hatimaye, "mimi nawalaumu wakubwa kila siku, na sitaacha, maana wanastahili. Lakini kukosea si ndiko kunakoniuma. Kila mtu hukosea. Kinachoniuma ni kwamba mambo yakiharibika, hakuna anayesimama akasema 'ni mimi'. Jumamosi, uliposhika hiyo rimoti, mkubwa alikuwa wewe. Ulichukua kitu cha watu bila ruhusa, na hapo ulikosa. Ungemwacha huyu mwenzako akabeba kosa lako, ungekuwa kama wao. Hukumwacha. Hivyo ndivyo ninavyotaka uwe siku zote, hata ukipewa cheo kikubwa namna gani."

Akaliondoa jiwe, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, ifungulie. Na uibebe polepole."