Tangulia Wewe, Mimi Nitakufuata

“Hapa, mpenzi. Weka saini yako hapa chini tu, halafu tuongee habari za safari.”

Damas aliisogeza karatasi katikati ya meza, akaisukuma sahani ya maandazi pembeni. Nje, mtaa wa Husby, pembeni mwa Stockholm, ulikuwa na ile mvua ya Oktoba isiyonyesha sawasawa wala isiyoacha. Saa tisa alasiri, na Tereza alikuwa ameshawasha taa.

“Si ulisema tutasaini tukirudi?”

“Nilisema. Lakini wenye nyumba wanataka karatasi kabla mwezi haujaisha. Tunaondoka Ijumaa, tunarudi Jumatatu, siku ndiyo zimekwisha hivyo. Unataka tukae kule milimani tunawaza karatasi? Mimi nataka tukapumzike.”

Tereza akaisoma mara ya nne. Karatasi ilisema kwamba yeye anamwachia Damas mkataba wa nyumba yake ya vyumba vitatu. Nyumba hiyo ya kupanga aliipangia foleni ya jiji miaka kumi na moja, akilala vyumba vya watu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama paka anayehamisha watoto. Stockholm hii, mwenye mkataba kwa jina lake ni kama mwenye shamba. Ukiuachia unarudi mwisho wa foleni, na foleni haimjui mtu.

“Nieleze tena,” alisema. “Nieleze kama unamweleza mtoto.”

Damas akacheka, akamshika mkono. Walikuwa na miaka miwili pamoja. Yeye alipakia mizigo uwanja wa ndege, akapanga chumba Märsta, karibu na uwanja huo, kwa sababu ya zamu za alfajiri, ila jina lake na barua zake aliziandikisha kwa Tereza. Kwa wenye nyumba walikuwa sambo, yaani watu wanaoishi pamoja bila ndoa, na sambo anaweza kuachiwa mkataba.

“Östersund ni mji mdogo wa kaskazini. Kuna ziwa, na milima ile pale inakutazama. Ni Njombe yako kabisa, imekosa viazi na chai tu. Watunza wazee wanatafutwa kule. Tunakwenda siku tatu, tunatembea polepole, tunakunywa kahawa, unaona kama roho imeupenda. Ukiupenda, tangulia wewe. Mimi nabaki na nyumba hii kwa jina langu mpaka kazi yangu iishe Mei, maana chumba cha Märsta si cha uhakika, nisije nikakosa pa kulala. Halafu nakufuata, ndoa tunafungia huko huko.”

“Na nisipoupenda?”

“Utaupenda.”

“Nimekuuliza, nisipoupenda?”

“Basi narudisha jina lako! Tereza, mbona unanifanya kama mwizi?”

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwao kila Krismasi walimuuliza swali lile lile la ndoa. Akaichukua kalamu. Akaitua.

“Nitasaini kesho nikitoka kazini.”

Damas hakukasirika. Alimbusu utosini, akavaa koti. Mtu wa namna hiyo hakasiriki. Anasubiri.

Kesho yake Tereza alikuwa zamu na Glody, mama wa Kikongo anayependa kucheka. Kazi yao ni kupita nyumba za wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa na chakula. Wakiwa njiani kati ya mzee mmoja na mwingine, Tereza akamsimulia habari ya karatasi.

“Ma chère, mupenzi wangu,” Glody akasema, “ile bwana yako iko na haraka na karatasi kuliko na weye.”

“Acha, Glody. Nimemchunguza miaka miwili.”

“Umemuchunguza kwa nani?”

“Kwa dada yake, Agripina, yuko Songea. Tunaongea kila Jumapili, Damas akiwa hapo hapo pembeni yangu. Mtu mzuri huyo, kila siku ananiombea.”

“Na namba ya huyo dada, nani alikupatia?”

“Si Damas mwenyewe.”

“Aa.” Glody akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni. “Mutu analeta kesi, analeta na mushahidi. Vizuri sana.”

Tereza alimnunia mpaka zamu ikaisha. Baadaye akaingia kwenye maduka ya Kista, mtaa wa jirani, kununua soksi za sufu za safari, jozi mbili, yake na ya Damas. Hapo ndipo simu ilipolia. Ilikuwa Agripina, kwa picha, na siku hiyo haikuwa Jumapili.

“Dada Tereza, shikamoo.”

“Marahaba, mdogo wangu. Kwema huko?”

“Kwema kabisa. Samahani nakusumbua. Damas amenikataza nisikuulize mambo haya, anasema utaona kama nakuharakisha. Ila moyo umenishinda.”

“Uliza tu.”

“Makoti, dada. Nimepata mawili ya mitumba, moja la miaka saba, moja la miaka minne. Sasa najua baridi ya huko si ya huku. Ninunue, au watoto wasubiri wanunuliwe huko huko tukifika?”

“Mkifika wapi?”

“Si hapo kwako, Husby!” Agripina akacheka. “Yaani kwetu sasa. Damas anasema alikuwa amekwama kwenye nyumba tu. Chumba cha Märsta Uhamiaji hawakikubali kwa familia ya watu wanne. Ukishasaini, tunaitwa. Dada, wewe ni mtu wa Mungu. Dada wa jumuiya ya kanisa tu, hata si wa damu, unatuachia nyumba nzima, wewe mwenyewe unakwenda kuanza upya milimani!”

Watu walikuwa wanampita na mifuko yao. Tereza alibaki amesimama, soksi mkononi.

“Agripina. Hao watoto wa miaka saba na minne ni wa nani?”

“Wa nani tena? Wangu na Damas.”

“Damas si kaka yako?”

“Kaka yangu?” Sauti ikashuka. “Damas ni mume wangu, dada. Ndoa ya kanisani, mwaka wa tisa huu. Huyu mdogo alikuwa wa miezi minane baba yake alipoondoka. Nani kakwambia ni kaka yangu?”

“Yeye.”

“Na wewe… wewe ni nani yake?”

Tereza akashusha macho kwenye zile soksi za kiume, na hilo Agripina aliliona vizuri. Simu ikamponyoka Agripina. Tereza akawa anatazama kwenye kioo cha simu dari ya nyumba asiyoijua, na mtu analia pembeni, asikoweza kufika kumfuta machozi.

Binti zangu mlio ugenini, hapa ndipo nataka mwelewe. Tereza hakuwa mjinga. Aliuliza, kama tulivyofundishwa kuuliza: ukoo wa mwanamume, dini yake, dada zake. Lakini aliuliza pale alipoonyeshwa. Katika nchi hiyo aliyokaa, anwani ya mtu na ndoa yake unaweza kuziulizia ofisi ya kodi, ukapewa kama zilivyoandikwa. Yeye aliona aibu, akaona ni kama kumpeleleza mpenzi. Aibu hiyo ilikaribia kumlaza barabarani.

Jioni ujumbe ukaingia kutoka Songea:

“Dada nimelia nimemaliza. Sina ugomvi na wewe, tumedanganywa wote. Ila nakuomba jambo ambalo mwanamke hamwombi mwenzake. Saini. Si kwa ajili yake. Hawa watoto wanamjua baba kwenye simu tu.”

Ukafuata wa Damas:

“Mpenzi umeshasaini? Nakuja kesho saa moja, treni ni saa tatu. Chukua glavu, huko kuna theluji tayari.”

Wa Damas haukujibiwa. Wa Agripina aliusoma mpaka maneno yakawa hayana maana, na hakuujibu pia.

Asubuhi Damas akaingia na begi, ananukia sabuni.

“Bado hujavaa? Tutaachwa na treni.”

“Kaa.”

“Tereza, saa…”

“Kaa, Damas.”

Simu ilikuwa mezani, Songea tayari iko hewani, imefunguliwa sauti.

“Agripina, amefika,” Tereza akasema, kisha akamgeukia Damas. “Mwambie mkeo mimi ni nani.”

Damas akaitazama simu kama mtu aliyekuta nyoka jikoni. Akakaa.

“Nakupenda, Tereza,” akasema. “Nakupenda, na nina watoto. Vyote viwili ni kweli. Ningekwambia vipi? Ungenifukuza.”

“Ningelia wiki nzima. Halafu ningekusaidia kutafuta nyumba.”

“Maneno hayo unayasema leo.”

“Labda. Lakini nyumba yangu uliitaka jana. Sasa nijibu moja tu. Mei ungenifuata?”

Damas akaangalia viatu vyake.

“Mjibu,” Agripina akasema kutoka mezani. “Na mimi nataka kusikia.”

“Nisingekuja.”

Tereza akaivuta karatasi upande wake.

“Dada,” Agripina akaita taratibu, “ile karatasi umeamuaje?”

“Siwezi, mdogo wangu. Nisamehe. Nikisaini nitalala wapi?”

“Najua. Ila mimi ni mama, ilinibidi niombe.”

Sauti ndogo ikasikika nyuma yake: “Mama, ni baba huyo?”

“Hapana,” Agripina akajibu. “Ni mtu mmoja tu wa Ulaya.”

Simu ikakatika.

Damas alikuwa amefunika uso kwa mikono. Tereza akaichana karatasi vipande viwili, akavipanga vizuri kimoja juu ya kingine.

“Wiki ijayo jina lako liwe limetoka kwenye anwani yangu. Usipoliondoa, nitakwenda kuliondoa mwenyewe.”

“Na mimi niende wapi?”

“Ulipokuwa unataka niende mimi.”

Mlango ulipofungwa, akavitupa vile vipande viwili. Kisha akampigia msimamizi wake kazini.

“Tereza? Wewe si uko likizo, mnakwenda milimani?”

“Siendi tena. Kama kuna mzee ambaye leo hajapata mtu, nipeni.”